Mwezi Nilioiba kwenye Kadi ya Kliniki

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nilikuwa nimekwenda kliniki kwa mara ya kwanza na mimba yangu ya kwanza, na muuguzi akaniuliza lile swali dogo ambalo kila mwanamke huulizwa: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Nikamjibu, "Oktoba." Ilikuwa Septemba. Nilijua vizuri kabisa kwamba ilikuwa Septemba. Nilimtazama machoni nikasema Oktoba, naye akainama akaandika kwenye kadi.

Ngoja kwanza usinicheke. Nimekuona juzi ukipanda ngazi za nyumba yako, ukasimama katikati, ukashika kiuno na kujifanya unatafuta funguo kwenye mkoba. Nilipokuuliza ukasema uko sawa. Najua hiyo "niko sawa", nimeisema miaka mingi kabla yako. Miezi mitatu ya mwisho humfanya mwanamke mwongo hata kama alilelewa kanisani. Tunawadanganya waume zetu, tunawadanganya wakubwa wa kazi, tunajidanganya wenyewe mbele ya kioo. Tofauti yangu mimi ni kwamba uongo wangu uliandikwa kwa wino, na ukapigwa muhuri.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi na mume wangu Luka tulikuwa tumetoka magharibi kutafuta maisha, tukapanga chumba kimoja Satellite, pembeni mwa Nairobi, chumba cha mabati kilichokuwa jiko mchana na kanisa jioni, kwa jinsi tulivyokuwa tukiomba humo. Luka alikuwa seremala, akipiga randa kando ya Ngong Road pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa fundi wa kushona katika duka moja la nguo za watoto wachanga, mtaa wa Biashara, katikati ya mji. Lilikuwa duka la familia ya Kihindi. Mbele waliuza shali, nepi na kofia. Nyuma tulikuwa na cherehani tatu, na siku nzima tulishona fulana za flana zisizozidi kiganja.

Sasa sikiliza kichekesho. Nilishona nguo za watoto wa watu kutoka asubuhi hadi jioni, lakini wangu sikumshonea hata soksi moja. Mama mkwe alikuwa ameniagiza nisiweke kitu chochote ndani kabla mtoto hajafika, kwamba kumtayarishia ni kumwitia mabaya. Nikatii. Nilikuwa mtiifu sana kwa mambo yasiyo na maana, na mkaidi kwa yale yenye maana.

Mwenye duka alikuwa na sheria moja. Livu ya uzazi ilikuwa miezi miwili, na ilianza kuhesabiwa siku unayotoka dukani. Naye alitaka utoke mwisho wa mwezi wa nane, kwa barua ya kliniki, kwa sababu mwaka mmoja nyuma chupa ya uzazi ilimpasukia mwenzetu mbele ya wateja, na marobota mawili ya flana yakaharibika. Tangu siku hiyo hakutaka mchezo. Kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: ukitoka mwezi wa nane, mwezi mzima unakaa nyumbani ukingoja, kisha mtoto akizaliwa unabaki na mwezi mmoja tu wa kumshika. Baada ya hapo unamwachia msichana wa kazi, wa miaka kumi na minne, ambaye yeye mwenyewe bado anatafuta mama yake.

Fundi wa cherehani ya jirani yangu aliitwa Wairimu, mwanamke wa Waithaka, mcheshi, mwepesi wa mikono na wa ulimi. Nilipomwambia nina mimba, alisimamisha mguu kwenye pedali akanisogelea.

"Skiza. Ukienda kliniki usiseme ukweli. Iba mwezi moja. Wakiuliza, sukuma tarehe mbele. Kadi ikisema mwezi ya nane, wewe kumbe uko tisa. Unatoka hapa, unazaa hiyo wiki, livu yako yote ni ya mtoto. Sisi wote hufanya hivyo."

"Na wakijua?"

"Watajua aje? Kwani wanaona ndani?"

Nami nikaona hiyo ni akili. Sikuwa mwizi, mwanangu. Nilikuwa mama anayetaka siku thelathini zaidi na mtoto wake. Nakwambia hivi ili ujue kwamba makosa makubwa hayaji na pembe kichwani. Langu lilikuja na sura ya mapenzi.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Mama yake mwenye duka alikuwa ajuza wa miaka sabini na kitu, mjane, kila siku sari nyeupe, na sote, Wahindi kwa Waafrika, tulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Alikaa kwenye kigoda kirefu karibu na kaunta akifuma masweta ya watoto bila kutazama sindano. Macho yake yalikuwa kwetu. Mwezi wa Aprili aliniita.

"Wewe iko mwezi ngapi sasa?"

"Sita, Ba."

Akaniambia kwamba kwao msichana akifika mwezi wa saba humfanyia sherehe, humketisha mbele ya wanawake, humjaza mapajani nazi na matunda, na kumwombea afike salama. Wakwe zake wote alikuwa amewafanyia. Alitaka kujua saba yangu ni lini, angalau aniletee nazi. Nikarudia, "Bado, Ba. Ni sita." Akakitazama kidole chake cha shahada, akapitisha dole gumba kwenye pingili zake moja moja, akahamia kidole cha pili, kisha cha tatu. Wao huhesabu hivyo, kila kidole ni tatu. Alipomaliza akarudi kwenye sweta lake. Mimi nikarudi kwenye cherehani.

Mwezi wa saba, nasema ule wangu wa kweli na si ule wa kadi, mtoto alikuwa na nguvu za ajabu. Nikinywa chai ya saa nne alinipiga teke mpaka Wairimu akaliona kwenye nguo. Nilipata kiungulia, nikalala kwa kuegemea ukuta, nikaenda choo mara kumi kwa siku. Hayo ni ya kawaida, na wewe usiyaogope. Mwili unapisha mgeni. Mgongo utauma. Tumbo litakazana kidogo na kuachia, kana kwamba linafanya mazoezi. Pumzi itakuwa fupi. Hayo yote yalinipata nikayavumilia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilijizoeza kuvumilia kila kitu, hata yale yasiyostahili kuvumiliwa.

Mwanzoni muuguzi alikuwa akipima tumbo langu kwa mikono yake kisha anaitazama kadi na kukunja uso. "Tumbo ni kubwa kuliko tarehe. Una uhakika? Au ni mapacha?" Nilimwambia nina uhakika. Kila nilipokaribia siku ya kliniki sikulala vizuri, nilikuwa nikijiuliza atagundua leo au la.

Mwezi wa Mei alipima tena, akatabasamu. "Sasa tarehe na tumbo zinapatana." Mwanangu, nilifurahi! Nilipita sokoni nikajinunulia parachichi mbili kwa furaha. Nilidhani Mungu ameuficha uongo wangu. Nilijua tumbo halikuwa limekosea hapo mwanzo, lakini sikujiuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeuliza: ikiwa mtoto wangu ni mkubwa kwa mwezi mzima kuliko kadi, imekuwaje leo ametoshana nayo? Mimba yangu ilikuwa imeacha kukua, nami nilikuwa nakula parachichi.

Kisha viatu vikakataa. Nilivaa sandali za Luka kwenda kazini. Pete ya ndoa ikanibana mpaka nikaitoa kwa sabuni. Asubuhi moja nilijitazama kioo nikaona uso wa mtu mwingine, macho yamemezwa na mashavu. Wairimu akacheka, "Umenona! Huyo ni kijana." Nikacheka naye. Kichwa kikaanza kuuma, si kuuma kwa njaa wala kwa jua. Kilikuwa kama mtu amenivika kofia ndogo akaikaza. Nikameza vidonge viwili, nikashona. Mwanzo wa Juni, siku ya baridi ile ya Nairobi inayoingia mifupani, nilikuwa nashona mkono wa fulana nikaona vinyota vikipepea mbele ya kitambaa. Nilipangusa macho. Vikabaki. Nilipoinua kazi yangu nikakuta nimeushona ule mkono ukaziba kabisa.

Niliogopa. Sikumwambia mtu. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kliniki, na nilikwenda nikiwa nimekwisha panga maneno ya kusema kwamba niko sawa. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima, akapima tena, akaenda kumwita mwenzake akapima mara ya tatu. Kisha wakanipa kikopo cha mkojo. Hawakunirudisha nyumbani. Nilipelekwa hospitali kubwa mchana huo huo, na sandali za Luka miguuni, bila kanga ya kujifunika, bila nepi moja.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alikaa kitandani pangu akaifungua kadi yangu, akahesabu. Aliniambia nina presha ya mimba, kwamba ikipanda zaidi naweza kupata kifafa, na kwamba tiba yake ya kweli ni moja tu, mtoto kutoka. Halafu akasema, "Lakini uko wiki thelathini na tatu. Mtoto bado mchanga, mapafu hayajakomaa. Tukimtoa sasa anaweza kushindwa kupumua. Tutakupa dawa, tujaribu kukuvusha wiki tatu, nne hivi. Sawa, mama?"

Nikasema sawa.

Hebu elewa nilichofanya. Mtu aliyesoma, mwenye nia njema, alikuwa akipima uhai wa mtoto wangu na wangu kwa mizani niliyoichezea mimi. Mtoto wangu hakuwa wa wiki thelathini na tatu. Alikuwa karibu thelathini na nane. Alikuwa tayari, alikuwa anasubiri kufunguliwa mlango, na mimi niliyekuwa na ufunguo nilikuwa nimelala nimeukalia.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Niliogopa kufokewa, kwanza. Masista wa wodi ile hawakuwa na mchezo. Lakini zaidi niliogopa kazi. Barua yenye tarehe ya uongo, yenye muhuri, ilikuwa tayari mezani kwa mwenye duka. Luka alipokuja saa ya kuona wagonjwa nilimnong'oneza, naye akaanza kuvunjavunja vidole. "Wakijua ulidanganya kwa barua, kazi imeisha," akasema. "Na mimi kazi yangu unaijua, leo iko, kesho hakuna." Kisha akaona uso wangu, akaongeza haraka, "Lakini daktari si anajua? Si ndiyo kazi yake?" Sikumlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na alikuwa ameogopa kama mimi.

Siku ya kwanza mtoto alicheza baada ya chai. Siku ya pili alijinyoosha kidogo tu. Siku ya tatu nilikunywa chai, nikalala kwa ubavu wa kushoto, nikaweka mkono nikangoja. Nikangoja mpaka wakaja kukusanya vikombe. Nikasikia kitu chepesi sana, kama mtu anayegusa pazia, kisha basi. Nikajiambia amelala. Nikajiambia tena. Juu ya tumbo, chini ya mbavu, kulikuwa na maumivu mapya ambayo sikuwa nimeyaona, na vile vinyota vilikuwa vimerudi. Niliwatazama wenzangu wodini, kila mmoja na tumbo lake, nikajiona mimi peke yangu ndiye ninayejua kinachoendelea na ndiye ninayekinyamazia.

Saa saba mchana wageni wakaruhusiwa kuingia, na kati yao nikaona sari nyeupe. Ba alikuwa amekuja peke yake, na kopo lake la chakula la ghorofa tatu, na chini ya kwapa furushi. Hakunisalimu. Alifunua shuka, akabonyeza muundi wangu kwa dole gumba, akaondoa. Shimo likabaki pale pale. Akalitazama, kisha akanitazama.

"Daktari nasema nini?"

Nikamweleza. Wiki thelathini na tatu, kungoja.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akainua kidole cha shahada. "Diwali," akasema, ile sikukuu yao ya taa ya Novemba. "Mimi naleta mithai tamu dukani. Wewe naonja moja, nakimbia choo, natapika. Mimi naona. Mimi nasema kwa roho yangu, huyu iko na mtoto." Akaanza kupitisha dole gumba kwenye pingili, kutoka Diwali akirudi nyuma kidogo, kisha mbele, polepole, kidole cha kwanza, cha pili, akasimama kwenye pingili ya mwisho ya kidole cha tatu. "Hii tisa. Siyo nane. Tisa."

Nikamshika mkono. "Ba, tafadhali. Usiwaambie."

"Mimi hapana sema," akajibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mdomo gani ilisema uongo? Hiyo hiyo nasema kweli. Mimi nazaa saba, nazika mbili. Wewe nafikiri duka ndiyo kitu kubwa? Duka iko. Kesho iko. Ita sista."

"Ba, naogopa."

"Ogopa. Halafu ita sista."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia mahubiri mengi na mawaidha ya kila aina, lakini hakuna maneno yaliyonisaidia maishani kama hayo. Hakuniambia nisiogope, maana angekuwa anadanganya naye. Aliniruhusu niogope, na kisha akanionyesha la kufanya.

Nikainua mkono. Sista aliyekuja alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyosikika wodi tatu, na nilikuwa nimemwona akimliza mtu asubuhi hiyo kwa ajili ya beseni tu. Nikasema, "Sista, tarehe kwenye kadi si ya kweli. Si Oktoba. Ni Septemba."

"Septemba?"

"Septemba. Nilidanganya kwa sababu ya livu. Na mtoto leo hachezi vizuri."

Nilifunga macho nikingoja kelele. Hakupiga kelele. Aliweka kile kipembe chao cha kusikilizia kwenye tumbo langu, akainama akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaikata Oktoba kwa mstari mmoja, akaandika Septemba juu yake, na akaondoka pale kwa mbio. Mwanamke yule mzito, alikimbia.

Kilichofuata kilikwenda haraka mno. Daktari alikuja akiwa anavaa koti, akauliza swali moja tu, "Una hakika?" Nikasema nina hakika, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Nilitia sahihi karatasi kwa mkono uliovimba hata jina halikusomeka. Waliposukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji Ba alitembea kando yangu mpaka mlangoni, akiomba kwa Kigujarati, sikuelewa hata neno moja na niliitikia amina.

Alikuwa msichana. Hakulia mara moja. Waliniambia baadaye, kwa maana nilikuwa nimelazwa usingizi, kwamba walimsugua na kumsugua, akalia kisauti kidogo kama cha paka. Kilo mbili hazikutimia. Alikuwa na kucha ndefu na ngozi iliyokunjamana ya mtoto aliyekomaa lakini akakosa chakula. Yule daktari kijana alikuja kesho yake akanieleza: kwa sababu ya presha, chakula kilikuwa hakimfikii mtoto vizuri, ndiyo maana tumbo liliacha kukua, ndiyo maana likaja kupatana na tarehe ya uongo. Kama kadi ingesema kweli, wangeliona hilo tangu Mei. "Ungenyamaza siku nyingine mbili..." akasema, akaifunga kadi.

Lile furushi la Ba lilikuwa na nepi sita, fulana, kofia na sweta moja alilofuma mwenyewe. Fulana nilizitambua. Nilizishona mimi.

Mwenye duka alinuna, ndiyo. Hakunifuta kazi. Alihesabu miezi yake miwili kuanzia siku niliyopasuliwa, basi, mambo yakaisha. Kitu nilichokiogopa mpaka nikakaribia kumzika mtoto kwa ajili yake kiliisha hivyo, kwa mtu kununa.

Lakini sijakwambia bado jambo lililonifanya nikuite hapa leo.

Wiki ya tatu Wairimu alikuja Satellite kuniona, amebeba chupa ya uji na parachichi kwenye kikapu. Alimpakata mtoto, akamchezesha, akasema ana pua ya Luka, maskini. Nami, kwa kuwa hatari ilikuwa imepita, nikamsimulia yote kama kichekesho: pingili za Ba, sista akikimbia, tarehe iliyokatwa. Wairimu alicheka. Kisha nikaona anacheka kwa mdomo tu. Kisha hakucheka.

"Ngoja," akasema. "Huyo daktari alisema walikuwa wanangoja kwa sababu ya kadi?"

"Ndiyo."

Nilijua alikuwa amepoteza mtoto mmoja zamani, lakini hatukuwa tukiyazungumza hayo, na sikuwahi kuuliza ilikuwaje. Alimtazama wangu muda mrefu.

"Wangu wa pili," akasema polepole, "mimi niliiba mwezi na nusu. Tumbo ilifika, ikapita. Nikaenda kliniki nikawaambia nasikia kama siku zimepita. Wakaangalia kadi. Wakasema bado wiki tano, rudi nyumbani upumzike. Nikarudi. Akaacha kucheza siku ya Alhamisi."

Niliweka chini kikombe cha uji.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita sijaongea na Mama Njoki, jirani yangu. Tulikuwa tumegombana juu ya maji, akaniambia maneno mabaya nikiwa na hilo tumbo. Nikasema ni yeye alimuua na hayo maneno. Nilimwambia mtaa mzima ni yeye. Watoto wangu hawachezi na wake." Akanyanyua macho. "Kwa hivyo hakuwa yeye?"

Wairimu alinirudishia mtoto taratibu, akanifunika na shali mabegani kama mtu anayefunika mgonjwa, akachukua kikapu chake. Alikuwa mtu wa kelele, yule, na alitoka chumbani kwangu bila kusikika. Baadaye nilisikia kwamba jioni hiyo kabla hajaingia kwake alibisha mlango wa jirani. Walichoambiana ni chao.

Basi nisikilize sasa. Hiyo tarehe iliyo kwenye kadi yako, kama umeisukuma hata kwa wiki moja kwa ajili ya mkubwa wako wa ofisini, kesho asubuhi nenda ukairekebishe. Nyinyi wa siku hizi mna simu zinazowaambia leo mtoto ana ukubwa wa embe, kesho tikiti, lakini simu nayo hujua tu kile ulichoiambia. Ukiona uso na mikono imevimba ghafla, kichwa kinauma na dawa haikisaidii, vinyota machoni, au maumivu chini ya mbavu, usimeze vidonge ukaendelea na kazi kama nilivyofanya. Nenda siku hiyo hiyo. Damu ikitoka, au maji, hata kama huna uchungu, nenda. Na kila siku, chagua saa yako, lala kwa ubavu, umsikilize mtoto. Ukimjua anavyocheza utajua anaponyamaza, na akinyamaza usijiambie amelala. Usingoje kesho, usimngoje mume wako atoke kazini. Weka begi tayari, nguo za mtoto na zako, kadi juu kabisa, na mjue mapema gari ni la nani na mtapita wapi. Mama mkwe akilalamika kuhusu hizo nguo, mwambie nimekuruhusu mimi. Na anayekuuliza unajisikiaje, kama ni daktari, kama ni mumeo, kama ni mimi, mwambie ukweli hata sauti ikitetemeka. Umeruhusiwa kuogopa. Hujaruhusiwa kunyamaza.

Nami nakuombea hivi, mkono wangu ukiwa juu ya tumbo lako: Mungu azihesabu siku zako mwenyewe, kwa maana yeye hadanganywi. Akufikishe na akurudishe. Na mtoto wako alie, mwanangu. Alie kwa nguvu, majirani wagonge ukuta, uchoke naye kwa kelele, na usiijue kamwe nyumba iliyotandikiwa mtoto ikabaki kimya.